Sitoki Kando ya Kitanda cha Sekela

Jumatatu, 7 Juni 1954

Tumepata kitanda. Cha tatu kutoka mlangoni, wodi ya wanawake na watoto. Mablanketi mawili, yananuka dawa. Mbeya baridi yake si kama ya kwetu Rungwe — upepo unashuka mlimani unaingia mpaka kwenye meno.

Daftari hili ni la Sekela, la shule. Mbele kuna hesabu zake. Mimi nimeanzia nyuma. Sijui naandika nini. Mikono haina jembe na moyo haukai, basi naandika. Shule yangu ni darasa la ubatizo tu, na barua za kumwandikia Jailos mume wangu huko Joni, Afrika Kusini, kwenye mgodi. Herufi ninazo.

Mguu ulianza Machi. Alijigonga kwenye jiwe mtoni. Ukavimba chini ya goti. Nikakanda kwa maji ya chumvi. Mama mkwe akaleta majani. Ukapasuka, ukatoa usaha, ukakauka, ukapasuka tena. Sasa una midomo mitatu. Yeye anasema hauumi. Miaka kumi na mmoja, na ananidanganya ili mimi nisilie!

Nilimuaga mama mkwe tu. Akasema ngoja nimwambie mzee, tusikie atasemaje. Sikungoja. Lori lilikuwa linaondoka.

Karani wa kuandikisha ni Bwana Kalinga, mtu wa Iringa, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Akauliza jina la baba. Nikasema. Akauliza babu mzaa baba ni nani, yuko wapi. Nikanyamaza. Akarudia kwa sauti kubwa, kama mimi kiziwi. Nikatazama chini. Kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe. Hata hapa siliandiki, na hakuna atakayesoma. Miaka kumi na miwili niko kwake, sijamwona uso. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia majanini, najifunika kichwa. Naye akinisikia anageuka. Hawezi kuingia nilipo, siwezi kuingia alipo. Hata kanisani ana mlango wake, nami nina wangu.

Karani akashusha pumzi, akaandika kitu. Akasema, pole mama. Sikujua pole ya nini.

Jumatano, 9 Juni

Sindano za penisilini, mchana na usiku. Sekela anazihesabu. Leo ya kumi na moja. Nesi wetu ni Evarista, binti wa Kihehe, rozari mfukoni, mdomo hauna kufuli. Kamwambia Sekela matako yake sasa yanafaa kuchujia pombe. Sekela alicheka mpaka akajikunja. Na mimi nikacheka.

Halafu bandeji ikafunguliwa. Harufu. Mwanamke wa kitanda cha jirani akageukia ukutani, kwa heshima.

Daktari akipita mama wote hutolewa nje. Ndiyo sheria. Nilisimama dirishani nikaona mgongo wake tu. Sekela alikuwa ananitafuta kwa macho.

Ijumaa, 11 Juni

Daktari kaniita. Mzungu, nywele za kijivu, Kiswahili chake kinakwenda polepole lakini kinafika. Akainua picha ya mfupa mbele ya dirisha. Hapa mfupa mzima, akasema, hapa mfupa uliokufa. Umetobolewa kama hindi lililoingiwa na fukusi. Dawa haifiki kwenye mfupa uliokufa, na sumu inapanda. Akaweka kiganja kwenye paja lake mwenyewe, juu ya goti. Hapa.

Nikauliza, ukiukata atapona?

"Nikiukata anaweza kuishi. Nisipoukata hataishi. Zaidi ya hapo siwezi kuapa."

Hasira ilinipanda. Mtu anataka mguu wa mtoto na kuapa hawezi! Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwetu ni milima, mwanamke anabeba maji kichwani kwenye utelezi, anapanda na jembe na mtoto mgongoni. Kwa mguu mmoja aende wapi? Alinisikiliza mpaka mwisho, sikutegemea. Akasema nifikiri, ila siku si nyingi.

Kisha akasema la pili: nisimwambie mtoto. Ataogopa, homa itapanda. Atalazwa usingizi, atakapoamka kazi itakuwa imekwisha.

Nikarudi kitandani. Sekela akauliza daktari kasemaje. Nikasema, kasema unywe uji.

Sasa tumekuwa waongo wawili.

Jumamosi, 12 Juni

Homa. Hakula. Ananitazama anajua kuna kitu. Kidole gumba cha mguu kimekuwa cha rangi ya udongo.

Jumapili, 13 Juni

Nimemwambia. Daktari na akasirike.

Asubuhi homa ilishuka kidogo. Nilikuwa namsuka nywele ili nisimwone uso. Nikasema, mguu umekufa kwa ndani, wanataka kuukata uishi wewe. Hakulia. Alishika kichwa wima mpaka nikamaliza msuko wa pili.

"Mguu wenyewe wataupeleka wapi?"

Nilidhani atauliza kama itauma. Akasema hataki utupwe mbwa wale. Hataki uchomwe na takataka. Nikamwita Evarista. Evarista, ambaye kwake hata jeneza lina mzaha, alikaa kitandani akajibu kama anayejibu mtu mzima. Hospitali wana mahali nyuma ya mikaratusi, wanafukia chini sana. Lakini mama akitaka, wataufunga kwenye sanduku auchukue.

Sekela akafikiri. Akasema uende nyumbani, uzikwe mgombani nyuma ya jiko.

Ndipo akalia. Akanipiga ngumi za kifua, nyingi. Kwa nini hukunileta Machi, kwa nini hukunileta Machi. Sikuzizuia. Zilikuwa zangu.

Alipochoka akalala kifuani palepale alipokuwa anapapiga. Akasema niwaambie wakate. Ila mimi nisitoke nje kama wanavyowatoa mama wengine. Nikasema sitoki.

Jumatatu, 14 Juni

Nimekwenda kwa daktari mwenyewe, sikungoja kuitwa. Nikaanza na lile gumu: nimemwambia mtoto. Akavua miwani. Akasema tulikubaliana. Nikasema wewe ulisema, mimi nilinyamaza. Kunyamaza si kukubali.

Akaja kitandani. Akamuuliza Sekela mwenyewe, na Sekela akamjibu mwenyewe, akamweleza mpaka habari ya sanduku. Daktari akaondoka, miwani mkononi. Sijui amekasirika au amejifunza.

Baadaye akaja Kalinga na karatasi ya kukubali kukatwa. Alikuwa ananisomea, lakini macho yangu yalitangulia. Pale penye babu pameandikwa: amefariki. Penye mlezi mwanamume: hakuna.

Kumbe ndiyo ile pole! Niliponyamaza alidhani mzee amekufa na mimi nina uchungu.

Akasema kwa kuwa hakuna mwanamume wa ukoo aliye karibu, sheria ya hospitali inaruhusu mama peke yake. Angekuwapo babu, ingebidi yeye.

Nikakaa na ile kalamu. Nilifungwa nisitaje jina. Kusema kwamba yupo hai, analima, anakunywa maziwa yake kila jioni — hilo sikufungwa. Neno moja tu. Na mzee akiulizwa atasema hapana, namjua bila kumwona. Miaka kumi na miwili namjua kwa kusikia.

Sikusema. Nikaandika jina langu: Tupokigwe. Kalinga alikuwa ameshatoa wino wa kidole. Akashangaa, akasema mama una mwandiko mzuri.

Nimemuua baba mkwe kwenye karatasi. Mara ya kwanza nilinyamaza kwa heshima. Leo nimenyamaza kwa kusudi. Kyala, Mungu wetu, anajua tofauti yake na mimi naijua. Sijutii! Atakatwa Jumatano.

Jumanne, 15 Juni

Si Jumatano tena. Dawa ya usingizi inatoka Iringa na lori limevunjika ekseli njiani, pale Igawa. Kesho kutwa, wanasema. Au mtondo.

Nimemwandikia Jailos. Barua itafika baada ya mwezi. Mguu utakuwa umeshazikwa.

Jumatano, 16 Juni

Nilisikia kikohozi.

Miguu yangu ilisimama kabla sijaiambia. Khanga ilishafika kichwani, natafuta mlango wa pili — na mkono wa Sekela ukanishika nguo. Ulisema hutoki, akasema. Nikakaa. Nikajifunika uso, lakini nilikaa.

Aliyeingia ni Saulo, mdogo wake Jailos. Yeye anaruhusiwa. Mzee alibaki barazani, kwenye benchi. Saulo hakukaa. Alisema, shemeji, mzee amekuja kumchukua mtoto. Mama mkwe alisikia habari ya kukatwa kutoka kwa watu waliorudi na lori. Mzee anasema mtu hazikwi vipande. Mtoto wa ukoo hakatwi kama kuni, tena bila mwenye ukoo kuulizwa. Upande wa Makongolosi kuna fundi wa mifupa, ameponya wachimba dhahabu wengi, atampeleka huko.

Nikamuuliza Saulo, wewe umeuona mguu? Akasema hapana. Nikamwambia fungua macho basi. Evarista akainua shuka. Saulo alitazama mara moja, akatoka nje, tukamsikia anatapika kwenye maua ya Sista, mkuu wa wodi.

Kukawa na ghasia. Daktari akaja, Kalinga akaitwa. Alikuwa amemwona mzee na mkongojo wake barazani, mzima, anaomba maji. Evarista akamwambia, Bwana Kalinga, kalamu mbili na akili ya kukopa, umemzika mtu anakunywa maji! Kalinga akasema yeye alimuuliza mama mara mbili, na mama alitazama chini kama mfiwa. Kweli. Simlaumu.

Daktari alinigeukia. Uso ulikuwa mwekundu. Akasema nimemdanganya. Nikasema ndiyo. Karani alikosea, mimi nikasoma kosa nikaliacha. Nilikudanganya. Ulikuwa tayari kumdanganya mtoto wangu kwa faida yake, nami nimekudanganya kwa faida yake. Tuko sawa.

Sijawahi kumwambia mwanamume neno kama lile.

Alikaa kwenye kitanda kitupu. Alionekana mzee ghafla. Akanieleza polepole. Akikata mtoto ambaye mwenye ukoo amekataa, habari itapanda milima yote. Wataficha wagonjwa wao ndani. Mwaka huu atamwokoa Sekela, mwaka kesho watoto kumi watafia majumbani kwa kumwogopa yeye.

"Kwa hiyo mtoto wangu afe ili watoto wa milima yote wakuamini?"

Alifuta miwani yake kwenye koti, akaifuta tena.

Mwisho akatoa shauri lake. Hatakata bila mzee, na hatamruhusu mzee kumchukua hivihivi. Mzee aingie mwenyewe. Auone mguu kwa macho yake, asikie maneno kwa masikio yake, kisha aweke kidole mbele ya kitanda: kukatwa au kuchukuliwa. Mojawapo.

Saulo akapeleka maneno nje. Nikasikia mkongojo unakuja. Ukafika mlangoni. Ukasimama. Aliona khanga yangu kando ya kitanda, na mara ile nikasikia nyayo zinageuka.

Hawezi kuingia. Mimi nikiwapo hawezi kuingia!

Basi hapa ndipo nilipo. Sitoki.

Alhamisi, 17 Juni

Wamejaribu kila njia. Sista alisema wakati wa daktari kupita mama wote nje. Wenzangu wakatoka. Mimi nikakaa. Sista akarudia. Nikashika chuma cha kitanda. Daktari akapita, akanikuta, akampima Sekela mapigo kana kwamba mimi ni meza. Sista akafunga mdomo. Nilitaka kucheka.

Evarista kaleta ndoo na akatundika shuka kuizunguka. Akasema hata chifu hana choo cha karibu namna hii. Chakula ananiletea chini ya aproni.

Mchana mzee alimwagiza Saulo ambebe mtoto amtoe. Saulo akaja, akainama. Sekela akamwambia kwa sauti ndogo, baba mdogo, ukinigusa nitapiga kelele mpaka Igawa wasikie. Saulo akanyooka. Akasema bila karatasi hawezi. Nadhani alishukuru kuwa kuna karatasi.

Dawa ya usingizi imefika. Nimesikia lori.

Lakini kuna jambo, na limenijia saa hii mtoto amesinzia, na limenikalia kifuani. Nikikaa, hakuna wa kumchukua. Na hakuna wa kumkata. Mlango niliomfungia mzee ndio huohuo kidole chake kinaotakiwa kupita. Nikitoka ataingia. Labda atautazama mguu aelewe. Labda atafumba macho, ataweka kidole, atambeba, na huko njiani Sekela atakufa kwenye lori katikati ya magunia. Na nilimwambia sitoki.

Kuna mstari mwekundu umeanza pajani. Evarista ameuwekea alama ya wino ncha yake. Tangu asubuhi umepita alama kwa vidole viwili.

Ijumaa, 18 Juni

Daktari amesema mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo hata akikata atakuwa anakata tu.

Mstari umepita alama ya pili. Sekela anaongea na dada yake wa shuleni ambaye hayupo.

Saulo alikuja asubuhi macho yamevimba. Nikamuuliza, mzee amekula? Ni mara ya kwanza kumuulizia. Akasema hajala tangu juzi. Hataki kuondoka kwenye benchi. Kila akipita mtu anauliza mtoto bado ana moto? Na jana jioni, akasema Saulo, aliuliza nani sasa atamletea maziwa yake. Kazi hiyo ni ya Sekela. Tangu alipojua kutembea bila kumwaga.

Nililia kidogo. Nilikuwa nimemfanya mzee awe ukuta. Ni mtu anaogopa, kama mimi. Ila woga wake una kidole na wangu hauna.

Saulo akarudi tena, saa nne na nusu. Safari hii mzee mwenyewe alikuwa nyuma yake, nje ya mlango, ametupa mgongo. Niliuona kwa pembeni, chini ya khanga: koti la jeshi la zamani, visigino vimepasuka. Saulo akasema, mzee anaomba mama yake Sekela atoke. Kidogo tu. Aingie atazame.

Atazame, amesema. Hakusema achukue. Labda ni kweli. Labda ni njia ya kunitoa. Nikamtazama Sekela. Hakunishika nguo leo. Mkono haukuwa na nguvu.

Nikajua ninachokivunja. Mama yangu alinifundisha kabla hata ya kupika. Wanawake wa kwetu watasema nimemvua mzee nguo mchana. Wanaweza kunirudisha kwa baba yangu. Jailos anaweza kusoma habari hii kwenye barua ya mtu mwingine na asinijibu tena.

Nikaivua khanga kichwani. Nikaikunja nikaiweka kitandani. Sikumpa Saulo maneno ayapeleke. Nikasema moja kwa moja, juu ya kichwa cha Saulo, kwa ule mgongo:

"Ingia, baba. Mimi sitoki na sijifuniki. Njoo tuutazame wote wawili, halafu useme."

Mwanamke wa jirani akafunika mdomo kwa kiganja. Saulo alirudi nyuma kama mtu niliyemmwagia maji ya moto. Mgongo haukugeuka. Lakini haukuondoka.

Daktari yuko kwenye mlango ule mwingine na saa yake mkononi. Kalinga ana karatasi na wino. Evarista anafungua bandeji, taratibu, tabaka kwa tabaka, harufu imeshafika mlangoni, najua inamfikia. Mimi nimeshika daftari nipate mahali pa kuweka macho mpaka yatakapotakiwa. Sekela ameita, Babu. Mara moja, kwa sauti ya mtoto mdogo kuliko alivyo.

Mabega ya lile koti yametikisika.

Saa tano na robo. Bandeji imekwisha. Mkongojo umevuka kizingiti, uko ndani, mkono uko ndani. Uso bado. Nimeinua wangu.